Zipu Haifiki Juu

Shambani, 3 Februari

Dada,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla hata salamu hazijaisha. Wewe unakata, mimi nabaki nafoka peke yangu kama kichaa. Barua huwezi kuikata. Dereva wa lori la nyanya ameahidi kukupa mkononi hapo hospitalini, na akikwambia aliisahau garini siku mbili usimwamini, anapenda kusoma mambo ya watu. (Dereva, kama unasoma, rudishia gundi vizuri.)

Hujambo? Mwanangu hajambo? Mwezi sasa tangu nimlete kwako aanze darasa la nne, na chumba changu kimekuwa kimya hadi nachoka. Mwambie mama yake anamsalimu, na asimchoshe Mama Mkubwa kwa maswali.

Sasa nina hasira, kwa hiyo kaa chini.

Kazi yangu unaijua. Miaka sita nachanganya dawa za wadudu na za ukungu kwa ajili ya mabanda ya nyanya, kisha najaza mabomba na kuyabeba mgongoni pamoja na wenzangu kumi na saba. Nilipoanza waliniita Njiti, maana upepo ukivuma walinishika mkono. Leo wananiita Kibonge. Na si mimi peke yangu, Dada. Sisi wa kwenye dawa tumenenepa karibu wote. Wale wa kufungasha nyanya wamebaki wembamba vilevile. Na mchana sisi na wao tunakula chungu kimoja cha maharage, upawa mmoja kila mtu, na mpishi wetu ni mchoyo kiasi kwamba hata mumewe hamwongezi.

Wiki iliyopita wamebandika karatasi kwenye ubao wa matangazo. Inasema hivi: "Unene hauji wenyewe. Unene ni chakula kilichozidi kazi. Acha sukari, punguza mafuta, tembea nusu saa kila siku." Nusu saa! Mimi nabeba lita ishirini mgongoni tangu asubuhi hadi saa nane, halafu mtu aliyekalia kiti chenye mto ananiambia nikatembee. Nitembee niende wapi? Mjinga gani ameandika hii? Hata jina hakuweka, mwoga mkubwa.

Chini yake Meneja ameongeza kwa kalamu nyekundu: atakayeshindwa kufunga zipu ya ovaroli ifikapo mwisho wa Machi ataondolewa kazini, "kwa usalama wake mwenyewe". Ovaroli zenyewe ni za saizi moja, zililetwa enzi ambazo sote tulikuwa njiti. Yangu zipu inafika kitovuni tu. Juu nakaa na fulana, na nikipiga dawa fulana inalowa hadi ngozi.

Wewe ni muuguzi wa lishe. Niandikie barua yenye muhuri, useme kwamba huu si ulafi. Unajua ninavyokula, tumekula sahani moja miaka kumi na sita.

Mdogo wako,
Njiti (wa zamani)


Mjini, 9 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika, bahasha ina alama za vidole vyenye grisi. Sisi wazima. Mwanao anasoma vizuri, hesabu anawashinda wakubwa zake, ila mdomo ni wako mtupu.

Nitasema kama dada na kama muuguzi, na usinune. Miaka kumi na minne nakaa kwenye kliniki ya lishe. Kila anayeingia ananiapia hali kitu. "Muuguzi, mimi hata maji yananinenepesha." Halafu mkoba unafunguka, biskuti zinamwagika sakafuni. Sisemi wewe ni mwongo. Nasema mtu hajioni anapokula, kama vile asivyojisikia anapokoroma. Upawa mmoja mchana ni sawa, je, jioni? Je, chai? Tangu utoto wewe na sukari ni mtu na nduguye.

Barua yenye muhuri siwezi. Muhuri ni wa hospitali, si wangu wa kugongea maneno ya ndugu. Na huyo aliyeandika karatasi ya ubaoni, usimtukane mtu usiyemjua. Huenda alikuwa na nia njema.

Jambo jingine, na hili limeninyima raha. Nimempima mwanao. Kilo arobaini na saba, miaka tisa! Binti yangu wa miaka kumi na miwili hafiki hapo. Ulikuwa unamlisha nini huyu mtoto? Nimeshampangia: chai bila sukari, kipande kimoja cha mkate, jioni mboga na wali kidogo. Analalamika, lakini atazoea. Samaki mkunje angali mbichi.

Dada yako


Ofisi ya Meneja wa Shamba, 14 Februari

Kwa Muuguzi wa Kliniki ya Lishe,

Yah: Shukrani na ombi

Napenda kukushukuru tena kwa karatasi ya ushauri uliyotuandalia mwezi Desemba kwa hiari yako. Imebandikwa mahali pa wazi, bila jina kama ulivyoomba, na imetusaidia sana kuweka nidhamu.

Hata hivyo, yupo mfanyakazi mmoja wa kitengo cha dawa, mkorofi kwa tabia, anayeeneza maneno kwamba dawa zetu ndizo zinazowanenepesha watu. Maneno haya yakifika kwa wanunuzi wa nyanya yanaweza kuleta usumbufu. Tunaomba utuandikie sentensi moja tu, yenye muhuri wa hospitali, kwamba unene wa wafanyakazi hautokani kwa namna yoyote na kazi yao. Pia tungefurahi ukija mwenyewe kuwapa somo. Wanahitaji maneno makali kidogo.

Wako katika kazi,
Meneja


Shambani, 22 Februari

Dada,

Umemnyima mwanangu mkate?

Dereva ameniletea kikaratasi cha mtoto, kimeandikwa kwa penseli. "Mama, Mama Mkubwa anasema nina tumbo la mwizi. Mimi sijaiba. Naona njaa darasani." Nimekisoma nimesimama kwenye foleni ya mabomba, na nikakwambia hapohapo maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa sababu Dereva atayasoma na ana umri wa baba yetu.

Tumbo la mwizi! Ameiba nini? Nakuuliza wewe uliyesoma, ameiba nini? Mtoto wangu hajawahi kula kushinda mtoto mwingine yeyote wa hapa kambini. Soda anaionea dirishani. Au unadhani ni mvivu? Mtoto huyu tangu shamba lilipofunga chumba cha kufulia nguo zetu za kazi, mwaka juzi, ndiye msaidizi wangu. Siku hizi ovaroli tunafua wenyewe nyumbani, na zile nguo ni nzito, mikono haitoshi. Kila Jumamosi nilikuwa naziloweka kwenye beseni kubwa, yeye anaingia miguu mitupu na kuzikanyaga, anaruka na kuimba, hadi povu linamfika magotini. Nusu saa, saa nzima. Mvivu anaweza hivyo? Baadaye namwogesha humohumo kwenye beseni, tunacheka. Huyo ndiye mtoto unayemwambia ana tumbo la mwizi.

Na muhuri wako umekataa kunipa, sawa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini ukimgusa tena mkate wake nitapanda lori nije nimchukue, na nitakapofika usitoke nje ya nyumba.

Mama wa mtoto mwenye njaa


Mjini, 1 Machi

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Naomba uisome yote kabla hujakasirika, kisha ukasirike.

Mkate nimemrudishia. Nilipaswa kumrudishia mapema, maana wiki tatu nilimpimia kila tonge mbele ya macho yangu, hakupungua hata kidogo. Aliongezeka nusu kilo. Nikamtuhumu kwamba anakula kwa siri, nikapekua mkoba wake wa shule. Nikakuta madaftari. Hata hapo sikujiuliza, nikadhani ni hodari wa kuficha.

Halafu ikaja barua yako yenye habari za beseni.

Umeandika kwa kujivunia, najua. Mimi niliiweka chini nikatoka nje. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sidhani kama walikuwa wanazungumzia ovaroli. Mdogo wangu, ile fulana inalowa dawa, ile ovaroli imelowa dawa, na mtoto amesimama ndani ya maji yake karibu miaka miwili kila wiki, na kisha akaogeshwa humo. Acha leo. Usifulie chumbani, usifulie kwenye beseni la kuogea, usizikumbatie zile nguo. Kuna mambo ambayo sina uhakika nayo na nitakwambia, lakini hili nina uhakika nalo.

Nilikwenda kwa daktari wetu wa homoni, yule mwenye kigugumizi. Nilimsimulia. Akanipa makala za watafiti nikasome. Kuna dawa za shambani ambazo wanazishuku kwamba zinavuruga homoni, yaani zile taarifa ambazo mwili unajipelekea: hifadhi mafuta, yatumie, umeshiba, una njaa. Kwa wanyama wa maabara wameona baadhi ya dawa hizo zikiongeza mafuta mwilini, hasa mnyama akizipata angali mchanga. Kwa binadamu bado wanabishana. Chakula kina sehemu yake, usingizi una sehemu yake, na ukoo nao una sehemu yake. Nikamuuliza, kwa hiyo kwa mtoto huyu ni dawa? Akasema inawezekana. Nikamuuliza, na inawezekana si dawa? Akasema hilo pia linawezekana. Nilitamani nimtikise. Miaka kumi na minne sijawahi kumuuliza mgonjwa hata mmoja anafanya kazi gani. Nilikuwa nauliza anakula nini, basi.

Sasa lile la mwisho. Karatasi ya ubaoni ni yangu. Mjinga uliyekuwa unamtafuta ni mimi. Desemba ulipokuja nilikuona unahema ukipanda ngazi, nikaogopa. La dada hulisikii, halijawahi kukuingia tangu utoto, nikafikiri la ubaoni utalisikia. Nikamwandikia Meneja, nikamwomba asiweke jina ili usijue. Sikujua angeifanya fimbo. Na sasa anataka nimwandikie sentensi yenye muhuri kwamba kazi yenu haihusiki kabisa. Sijamjibu.

Nisamehe.

Dada yako


Shambani, 4 Machi

Kumbe ni wewe.

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nimekaa juu ya ndoo.

Ungenitukana usoni ningekuelewa. Wewe ni dada yangu, umenisema tangu siku niliyozaliwa, nimezoea. Lakini kunibandika ubaoni! Kumpa Meneja ulimi wako! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, Dada, na wewe uliandika habari za kaburi ukiwa umekaa kivulini. Bi Ushanga, yule mwenzangu wa miaka hamsini na nane, ameacha kula mchana tangu karatasi yako ibandikwe. Upawa wake anamrudishia mpishi, anasema "Wakubwa wamesema." Jumanne alianguka bandani na bomba mgongoni, dawa ikammwagikia shingoni. Tulimwosha kwa maji ya kumwagilia nyanya. Hiyo ndiyo nia njema yako.

Unaomba msamaha. Sina. Labda nitakuwa nao baadaye, leo sina.

Na usidhani najitoa lawamani. Mimi ndiye niliyemwambia kanyaga, kanyaga mwanangu, povu litoke. Nilifurahi kumwona anacheka. Nikifikiria sasa nataka kupiga kichwa ukutani. Nilidhani sumu ni ile iliyomo kwenye chupa yenye picha ya fuvu. Ikishatoka kwenye chupa nikaiita uchafu wa kazini. Miaka sita nachanganya, na hakuna aliyeniambia tofauti, na mimi sikuuliza. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza Meneja kwa nini amefunga chumba cha kufulia. Sisi tulikuwa tunaulizana habari za sukari.

Muhuri wako kaa nao. Sitaki karatasi tena maishani mwangu. Uliwasema watu kumi na wanane bila kuwaona. Njoo uwaone.

Mdogo wako, hata nikichukia


Mjini, 8 Machi

Kwa Meneja wa Shamba,

Yah: Somo kwa wafanyakazi

Nimepokea ombi lako. Nitafika Jumatano tarehe 20 kuzungumza na kitengo cha dawa. Naomba wafanyakazi wote kumi na wanane wawepo, na wewe pia uwepo. Kuhusu maneno makali, nitajitahidi.

Muuguzi, Kliniki ya Lishe


Shambani, 27 Machi

Dada,

Lori lililokurudisha mjini Jumatano ile lilipotoka getini nilijua hakutakuwa na amani, na haikuwepo. Sikukuandikia mapema kwa sababu kila siku kulikuwa na jipya.

Kwanza la kwako. Nasikia Meneja ameandika hospitalini, anasema ulitumia jina la kliniki kuchochea watu, na kwamba umeitwa ujieleze. Pole. Nitakuwa mnafiki nikisema nimelia. Lakini niliposikia nilishika kichwa, kwa hiyo jua hivyo.

Uliposimama na kusema "Karatasi hii niliandika mimi na nilikosea," nilikuwa namtazama Meneja, si wewe. Alikuwa bado anatabasamu, tabasamu limesahaulika usoni. Na Bi Ushanga alipokuuliza akiacha dawa leo atapungua kilo ngapi, niliomba Mungu usimdanganye. Ukasema, "Sijui, mama. Na sijui kama ni dawa iliyokunenepesha. Ninachojua ni kwamba haipaswi kukufika mwilini, na mimi nilikulaumu wewe badala ya kuuliza inakufikaje." Nilitegemea akasirike. Jioni aliniambia, "Dada yako ana kiburi, lakini si mwongo." Ungemjua Bi Ushanga ungeomba hilo liandikwe kwenye cheti. Na anakula mchana siku hizi, tena anagombana na mpishi.

Siku ya pili tuligoma. Si kwa kelele, tulikaa tu nje ya stoo ya dawa, mabomba yamepangwa mbele yetu matupu. Tulitaka chumba cha kufulia kifunguliwe, tupate maji safi ya kuoga kabla ya kurudi nyumbani, na daktari wa nje aje atupime damu. Mambo matatu. Nyapara alipita mara tano akijifanya anatafuta funguo.

Jumatatu Meneja akaleta jibu. Dada, kaa chini tena. Ameleta ovaroli kubwa. Basi. Marobota mawili ya ovaroli za saizi kubwa, mpya kabisa, zipu inafika hadi kidevuni. Akasimama juu ya kreti akasema, "Shamba limesikia kilio chenu." Chumba cha kufulia hakukitaja, damu hakuitaja. Na kila ovaroli ina karatasi mfukoni ya kusaini: "Nathibitisha kwamba unene wangu hautokani na kazi yangu." Ukisaini unavaa, usiposaini unavua. Nilicheka, nakuapia nilicheka kwa sauti, hadi Nyapara akadhani nimerukwa na akili.

Wenzangu kumi na wawili wamesaini. Siwalaumu, na usije ukawalaumu. Wana watoto, na mahali pengine pa kazi hapa jirani ni shamba jingine lenye dawa zilezile. Sita tumekataa. Bi Ushanga naye amekataa, akaandika kwenye karatasi yake kwa herufi kubwa "SIJUI", akairudisha. Meneja hakujua aiweke faili gani. Tumepewa hadi Ijumaa kuondoka kambini.

Kwa hiyo nakuja Jumamosi, na Dereva amekubali kunibeba na godoro langu. Nitakaa kwako hadi nipate kazi, ukipenda usipende, na tutagombana, na sukari nitaitia mwenyewe kwenye chai yangu. Bado nina hasira na wewe. Nitakuja nayo.

Lakini kuna jambo ulifanye kabla sijafika, maana nikiwepo utaona aibu na utalifupisha. Mkalishe mwanangu. Umwambie kwamba hakuiba kitu, kwamba tumbo lake halina kosa, na kwamba wewe, mtu mzima, muuguzi, ulikosea. Usiseme "tulikosea". Sema la kwako peke yako.

Langu nitamwambia mwenyewe. Siku tatu sasa natafuta maneno ya kuanzia, na sijayapata.

Mdogo wako